Ngazi Niliyoibeba Begani

Chumbageni, Tanga

Mwanangu Rajabu,

Barua ya heshima huanza kwa kumuuliza mtu hali. Hali yako naijua: asubuhi nimekuona ukila muhogo wa watu wawili, kisha ukauliza kama chai imebaki. Hali yangu mimi ndiyo ya kuulizwa. Nimekaa karakanani mchana huu, naandika kwa penseli ya useremala, na kila nikisikia nyayo nje naifunika karatasi kwa randa. Umekwenda Pongwe kumuaga shangazi yako, na shangazi yako hajapata kumwachia mgeni kabla ya kumpa chakula na lawama. Kwa hiyo nina muda mpaka karibu na magharibi.

Kesho unapanda treni ya Moshi. Mambo ya kufunga mizigo, ya baridi ya huko, ya kutokula ovyo kwa watu, mama yako ameshayasema. Atayasema tena stesheni, na treni ikianza kwenda ataifuata akiendelea kuyasema. Mimi siyagusi. Nina jambo moja tu, nalo ni kidole changu.

Hiki cha kati cha mkono wa kushoto, chenye kovu. Tangu ukiwa na miaka saba umeambiwa, tena kwa kinywa changu, kwamba kilikatwa na msumeno, na ndiyo sababu baba yako akaacha kupiga gitaa. Mwanangu, msumeno haujapata kunigusa. Kidole hiki kilikatwa na mbuzi ya kukunia nazi.

Usicheke kwanza. Au cheka, lakini usiache kusoma.

Nakwambia leo kwa sababu huko uendako unakwenda kupiga gitaa la pili katika bendi ya Mwalimu Petro, na Mwalimu Petro ndiye aliyelitoa gitaa mikononi mwangu. Anayajua yote. Alipopita hapa miaka miwili nyuma, akala kwetu, akakuonyesha zile ngazi zako, ungeyasikia siku ileile, ila nilimkanyaga mguu chini ya meza. Huko Moshi mguu wangu haufiki. Yeye ni Mshambaa mpole, mtu wa kanisa, hamsemi mtu vibaya. Lakini kisa changu si kibaya, kinachekesha, na mtu mpole naye ana kiasi chake cha kuvumilia. Kama ningekuwa naogopa kuchekwa tu ningenyamaza, maana nimekwisha kuchekwa na mji mzima. Naogopa kitu kingine, na nitakifikia.

Gitaa hilo ulilolifunga ndani ya shuka ya mama yako nililipata kwa Mgoa mmoja, fundi cherehani, niliyemtengenezea kabati. Nilijifundisha mwenyewe kwa kutazama mikono ya watu. Shingo ya gitaa imegawanywa kwa vyuma vyembamba, na nafasi iliyo kati ya chuma na chuma mimi huiita chumba. Gitaa letu lina vyumba kumi na vinane. Mimi nilikaa katika vitatu vya mwanzo, kama mpangaji, na hivyo vingine sikujua hata kuna nini ndani. Nyimbo zangu zote zilipigwa humo. Wimbo ukitakiwa kuwa juu zaidi nilikuwa na dawa yangu: nailaza penseli juu ya nyuzi, naikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, gitaa zima linapanda, nami naendelea na vyumba vitatu mbele ya penseli kama mtu aliyehama na vitanda vyake.

Na jina nilikuwa nalo, usidhani. Harusi gani ya Chumbageni ingesemwa imefana bila Fundi Kombo? Viatu vyeupe, nywele nimezipasua njia kwa kitana, gitaa nimelishika juu kifuani watu walione. Mama yako alinipendea viatu. Hilo amekwisha kukiri.

Ndipo Mwalimu Petro akashuka kutoka milimani kuja kuongoza bendi yetu. Alifundishwa muziki misheni, anasoma nota kama mimi ninavyosoma futi. Siku ya kwanza alitusikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani yake, akasema, "Vizuri. Kesho kila mtu aje na ngazi. Asiye na ngazi asipande jukwaani."

Wenzangu walipita shule za misheni. Walijua kwamba watu wa kwaya huita hivyo sauti za muziki zikipangwa moja juu ya nyingine. Mimi nilisoma Kurani chuoni kwa maalimu, kisha karakanani kwa baba yangu, na kwetu sisi ngazi ni ngazi. Nikalitazama jukwaa la ule ukumbi wetu wa mazoezi: kweli lilikuwa refu, na kipandio chake kimeoza. Nikasema moyoni, huyu mtu ana akili, ameiona hatari siku ya kwanza. Nikawaonea na wenzangu huruma, wao si mafundi, wataipata wapi ngazi kwa siku moja? Basi nikaazimia kutengeneza moja ya wote.

Asubuhi yake niliweka kando kazi za watu. Nikachukua mninga safi uliokuwa uwe kitanda cha harusi, nikaupiga randa, nikaupiga msasa mpaka ukawa laini kama shavu, nikatia vipandio saba. Alasiri nikaibeba begani, gitaa mgongoni, nikashika njia.

"Fundi, waenda wapi na ngazi?" watu wakaniuliza.

"Nakwenda kwenye muziki."

"Kwani muziki u darini?"

Nikawadharau. Nikafika ukumbini, wenzangu wote wamekaa na vyombo vyao, hakuna hata mmoja mwenye ngazi. Nikatabasamu. Mwalimu Petro akaja mlangoni.

"Fundi Kombo, hii nini?"

"Ngazi, Mwalimu. Nimeleta ya wote, wenzangu wasihangaike."

Aliizunguka, akavipapasa vipandio, akavihesabu kwa kidole. "Saba," akasema. "Hee, Fundi! Ngazi ya muziki ina vipandio vinane. Hata hii nayo imepungua kimoja." Kisha akaketi chini sakafuni na suruali yake nyeupe, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Mpiga tarumbeta akatoka nje mbio kwenda kuwaeleza wapita njia, nisije nikawahi kuondoka kabla hawajaniona.

Ngazi yenyewe ndiyo hiyo iliyoegemea ukuta wa jikoni, inayoazimwa na mtaa mzima. Uliwahi kuniuliza kwa nini imepigwa msasa kama kitanda cha bibi harusi. Nikakwambia, "Kazi ni kazi, mwanangu." Na huo nao uongo.

Mji ukaniita Bwana Ngazi. Watoto walinifuata wakiuliza kama nimefika darini. Lakini hilo la kubeba ngazi sikulihesabu kuwa kosa wakati ule, wala silihesabu leo. Kutojua neno si aibu. Kosa langu ni la kesho yake.

Kesho yake Mwalimu Petro aliniita pembeni, hakuna anayecheka, akaniketisha. "Fundi," akasema, "sauti ya kwanza ndiyo nyumbani kwako. Anza hapo. Panda polepole, kila kidole na chumba chake, uzi kwa uzi, mpaka ufike juu. Kisha shuka kwa njia ileile mpaka nyumbani. Halafu anzia chumba kingine, ufanye vilevile. Kila siku. Ukimaliza mwaka shingo yote itakuwa nyumba yako, hutamuuliza mtu njia."

Maneno mazuri, ya bure, kutoka kwa mtu anayejua. Nami nikamjibu, kwa sauti ya kutosha kufika upande wa pili wa ukumbi, "Mwalimu, ngazi nimekwisha leta."

Wenzangu wakaangua kicheko, na safari hii walicheka pamoja nami. Rajabu, kicheko kile kilikuwa kitamu! Nikaona nimelipiza. Nikaifanya ile kuwa jibu langu la kila siku. Wenzangu wanapanda na kushuka ngazi zao, mimi nakunywa kahawa nje. Mwalimu akiniuliza, "Fundi, ngazi?" namjibu, "Iko jikoni, Mwalimu, waifuate wanaoitaka." Nilijiona mjanja kuliko wote. Ukija kupata siku moja jibu linalowachekesha watu na papo hapo linakuepusha na kazi, mwanangu, lishuku. Mimi langu lilinila mzima mzima.

Basi ikaja harusi ya binti wa karani mmoja mkubwa. Dansi ya alasiri, turubai limefungwa uwanjani, wazee mbele, sharubati kwenye bilauri. Mwimbaji wetu alikuwa mgeni, Bi Tatu, na sauti yake ilikuwa ya juu. Mwalimu akatunong'oneza, "Tunapanda vyumba viwili." Wenzangu wakapanda, wanaijua njia. Mimi nikaihamisha penseli upesi upesi, nikauvuta mpira. Mpira wenyewe wa zamani, umekaushwa na chumvi ya pwani. Ukakatika. Penseli ikaruka ikaingia katika bilauri ya mjomba wa bibi harusi, wakati ndiyo kwanza anaipeleka mdomoni.

Sasa wenzangu wako juu, mimi niko chini, na penseli iko kwenye sharubati. Nilijua dawa moja tu: nikapiga kwa nguvu zaidi. Bi Tatu akanitazama, akaingiwa na huruma, akashuka kunifuata. Bendi ikashuka kumfuata yeye. Nami kwa kuona haya nikawa napapasa papasa kupanda kuwafuata wao. Tukapishana njiani. Wachezaji wakasimama katikati ya uwanja wameshikana mikono, hawajui waende wapi, na mzee mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa sauti, "Kwani hizi ni nyimbo mbili?"

Mwalimu Petro hakunikemea. Alinijia taratibu, akalipokea gitaa mikononi mwangu, akanipa manyanga. "Leo tusaidie na haya, Fundi," akasema. Nikatikisa manyanga mpaka dansi ikaisha. Manyanga hayana vyumba. Na njia nzima ya kurudi nyumbani nilisikia watu nyuma yangu wakiambiana, "Mpanda ngazi hushuka."

Asubuhi yake sikutaka kutoka. Nikajipa kazi nyumbani: nikakaa juu ya mbuzi, nikaanza kumkunia mama yako nazi. Huku nakuna, huku nagombana na Mwalimu Petro kichwani. Nilipofika kwenye jibu kali kuliko yote, ambalo lingemnyamazisha kabisa, mkono ukateleza.

Bi Mwanasha jirani akaingia kuomba moto, akaona kitambaa chenye damu. "Pole, Baba Rajabu! Umekatwa na nini?"

Kinywa kikanitangulia. "Msumeno."

"Maskini weye! Na gitaa je?"

Nikainamisha kichwa. Hakika sikusema neno zaidi, niliinamisha kichwa tu, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unanililia. Watu waliokuwa wakiniita Bwana Ngazi waliniletea ndizi. Mama yako alijua, maana nazi yenyewe ndiye aliyeitupa. Hajamwambia mtu ila Mwalimu Petro, alipokuja kunipa pole. Lakini tangu siku hiyo, tukigombana, yeye hajibizani nami. Anaileta tu ile mbuzi ya nazi na kuiweka mbele yangu, kisha anaendelea na shughuli zake.

Na wewe ukaja. Ulikuwa umeng'oka meno mawili ya mbele. Ukakishika kidole, ukakipuliza, ukasema, "Usilie, baba. Nikikua nitakupigia mimi, kwa vidole vyangu."

Sikuwa nalia. Nilikuwa naona haya. Hapo ndipo pa kusema, na sikusema. Nimesema uongo mwingi wa kifundi, kwamba kitanda kitakuwa tayari Ijumaa, lakini huo haumdhuru mtu, kila mteja anajua Ijumaa ya fundi haina tarehe. Huu uliingia ndani ya mtoto ukamea. Ulikua nao. Ulipowaacha wenzako wanacheza mpira ukaja kukaa na gitaa, uliwaambia, "Baba yangu alikatwa kidole." Nilikuwa dirishani, nilikusikia.

Hicho ndicho ninachokiogopa, Rajabu. Kwamba utafika Moshi, utaambiwa ukweli mbele ya watu, nawe utajiona mjinga: miaka yote hii nakifanyia kazi kidole kilichokatwa na nazi! Kisha utaliweka gitaa chini. Nikasirikie mimi, nina haki ya kukasirikiwa. Lakini gitaa halikukudanganya.

Kwa kuwa nimeanza kukiri, acha nimalize.

Miaka miwili hii, kila jioni, ulipokuwa ukipanda na kushuka ngazi zako chumbani, Bi Mwanasha alikuwa akinijia uani. "Baba Rajabu, mwanao kila siku yuwapanda, yuwashuka. Hafiki?"

"Anajenga nyumba," namjibu.

"Basi na aezeke, tulale!"

Nilikutetea, lakini mateso yangu mimi yalikuwa mengine. Mama yako hukuita kula kwa sauti ambayo mtu haikatai, nawe una tumbo lisilokataa. Mara ngapi umeshuka ngazi vizuri, sauti baada ya sauti, imebaki moja tu ya kufika nyumbani, "Rajabuuu, wali unapoa!" na wewe unalitupa gitaa kitandani unakimbia? Ile sauti ya mwisho inabaki hewani. Mtu hawezi kula wali huku jambo linaning'inia. Basi siku moja nikasema nakwenda kunawa mikono, nikapita chumbani kwako, nikaigusa ile sauti moja. Kidole hikihiki chenye kovu. Nikarudi nikala vizuri.

Ukauliza nani kagusa gitaa. Nikasema panya. Mama yako akaweka mtego chini ya kitanda chako. Unakumbuka siku niliyochechemea, nikasema nimekanyaga msumari? Haukuwa msumari.

Nikaendelea hivyo, jioni kwa jioni, sauti ya mwisho tu. Kisha nikaongeza iliyo kabla yake. Kisha, ukienda kazini, nikawa naifunga karakana mchana, naingia chumbani, napanda polepole, kila kidole na chumba chake, kama alivyosema yule bwana nilipokuwa kijana wa kujibu majibu. Vidole vya seremala ni vizito, mwanangu. Cha mwisho kinakwenda kama mzee anayeamshwa usingizini. Lakini mwezi uliopita nilifika chumba cha kumi na mbili na kurudi nyumbani bila kupotea. Chumba cha saba kina sauti nzuri ajabu! Nimekuwa na gitaa lile miaka yote ya ujana wangu, na sikupata hata siku moja kukipigia hodi. Siku ile nilikaa kitandani kwako nikalia kweli, na safari hii kilikuwa kilio, si haya.

Waliponiambia mpanda ngazi hushuka walikuwa wananisuta, nami nikalibeba neno lile kama tusi. Sasa najua kushuka si kuanguka. Ni nusu ya pili ya kazi, na wengi hawaifanyi. Hata wewe, samahani nikikusema, unapanda vizuri kuliko unavyoshuka. Unashuka mbio, kama mtu aliyeitwa kula.

Na ngazi si wimbo. Wapiga gitaa walioijua shingo yote wana maradhi ya kutaka kuwatembeza watu kila chumba. Watu wamekuja kucheza. Waonyeshe sebule, inatosha. Hilo sikulijua kwa kulitenda, nimelijua kwa kukusikiliza, kwa hiyo lipokee kama malalamiko ya jirani.

Usinionee huruma kwa kuwa gitaa linaondoka. Nimejichongea shingo ya mninga, nimeitia vyuma na nyuzi. Haina tumbo, kwa hiyo haitoi sauti. Mama yako anasema ndilo gitaa bora alilopata kulisikia maishani.

Mwalimu Petro umwamkie shikamoo yako kwanza, kisha umpe salamu zangu. Akitaka kukusimulia, mwache asimulie yote, na akifika kwenye penseli mkumbushe bilauri, watu husahau. Mwambie Fundi Kombo ameleta ngazi. Amechelewa kidogo.

Sasa ombi langu. Barua hii nitailaza juu ya gitaa ili usiikose. Ukiisha kuisoma, usije kunisemesha. Mimi na wewe si hodari wa kusema tukitazamana. Lifungue gitaa kutoka kwenye shuka. Piga ngazi moja, ile ya kwanza uliyofundishwa. Panda yote, shuka yote. Ukifika kwenye sauti ya mwisho, kama moyo wako umekwisha kunikasirikia, ipige mwenyewe, nami nitaelewa; nitakupeleka stesheni kesho na mzigo nitaubeba, hakuna litakaloharibika kati yetu. Na kama umenisamehe, iache. Iache hewani kama ulivyozoea kuniachia. Nitaingia mlangoni, si kwa kunyata, nije niimalizie mbele ya macho yako.

Mama yako nimemwomba leo asikuite kula mpaka tumalize. Amekubali, ila amesema wali ukipoa atajua wa kumlaumu, na ile mbuzi ya nazi ameshaiweka karibu.

Nasikia honi ya basi la Pongwe. Nipo hapa nyuma ya ukuta wa chumba chako, na mikono nimeshanawa.

Ni mimi baba yako, mwenye vidole kumi vizima,

Fundi Kombo